Nyumba Haijapoa

Harufu iliwapokea kabla mlango haujafunguka nusu. Haikuwa harufu ya nyumba iliyofungwa, ile ya vumbi na mbao kavu ambayo Pindo alikuwa amejiandaa nayo akaja na ndoo, sabuni na kitambaa cha kujifunga kichwani. Hii ilikuwa nzito, chachu, na ndani yake mlikuwa na utamu fulani wa kuudhi. Ilimwingia puani, ikashuka mpaka kooni, ikakaa hapo.

"Madirisha," alisema Mama Mkwe, upande wa mtandio wake ukiwa puani. "Mpole, fungua madirisha."

Mpole akaenda kufungua madirisha.

Pindo alikuwa mshona mapazia. Jina hilo alipewa na wenzake wa karakana kwa kuwa hakuna aliyeweza kukunja pindo la pazia likanyooka kama lake, na lilimganda hata shangazi yake aliyemlea akasahau kumwita vingine. Mpole naye alikuwa fundi lifti, na jina lake halikuhitaji maelezo. Walikutana katika jengo la ofisi ambako Pindo alikwenda kutundika mapazia, lifti ikakwama naye ndani. Alipokuwa amekaa sakafuni akilia gizani, sauti ilimjia kutoka juu, taratibu, kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa: "Usiogope, dada. Niko hapa. Siendi popote mpaka utoke." Alipotoka alimtazama mwenye sauti, kijana mrefu mwenye grisi shavuni, na moyo wake ukamwambia kwamba umefika.

Sasa ndoa yao ilikuwa mlangoni. Kilichobaki kilikuwa kuhama: yeye atoke kwa shangazi, Mpole atoke kwa mama yake, wakutane katika nyumba hii ya ghorofa ya tatu, katikati ya jiji. Ilikuwa nyumba ya familia. Kaka mkubwa wa Mpole aliishi humo na mkewe, aliyeitwa Mama Pacha, na watoto wao wawili. Pindo aliambiwa kwamba kaka amehamishwa kikazi na familia imemfuata. "Wametuachia sisi," Mpole alimwambia, akimshika vidole. Tangu hapo Pindo alikuwa akilala na kuamka na nyumba hiyo kichwani. Cherehani ingekaa wapi ipate mwanga. Mapazia ya sebuleni yawe rangi gani. Asubuhi nani angeamka kwanza kuchemsha chai.

Alitoa futi yake ya kupimia na kuanza na dirisha la sebuleni. Nyuma yake Mama Mkwe alikuwa anapanga.

"Kochi linabaki. Televisheni inabaki. Hilo kabati lako la nguo, binti, sioni sababu ya kulipandisha ngazi zote hizi wakati kabati lipo."

"Kabati langu ni la marehemu mama yangu," alisema Pindo.

"Basi lije, likae stoo."

Pindo alimtazama Mpole. Mpole alikuwa anahangaika na komeo la dirisha lililokwisha kufunguka.

Jikoni ndiko harufu ilikokuwa na kiti chake. Juu ya jiko palikuwa na sufuria imefunikwa. Pindo alisita, kisha akainua kifuniko, na papo hapo akakirudisha, lakini macho yalikuwa yamekwisha kuona: mchuzi uliogeuka kijivu, ngozi ya ukungu juu yake, na chini ya ngozi hiyo kitu kinachotembea. Funza. Ndani ya sinki mlikuwa na vikombe viwili vidogo vya plastiki, vya watoto, na masalia ya maziwa yaliyoganda kama jibini. Mende mmoja alitoka kwenye kikombe, akamtazama kana kwamba yeye ndiye mgeni, akarudi zake ndani.

"Mtu anahamaje anaacha chakula jikoni?" aliuliza kwa sauti.

Mama Mkwe aliendelea kupanga.

Alipita chumbani. Kitanda kilikuwa na mashuka, na mashuka yalikuwa yamevurugika kama mtu ameamka sasa hivi. Godoro lilikuwa na bonde katikati. Kwenye mto mmoja palikuwa na doa la mafuta ya kichwa, na unywele mrefu mmoja umejikunja. Mama Mkwe alipapasa ubao wa kitanda kwa kuridhika.

"Mti mgumu huu. Mtabadilisha mashuka tu, basi, mlale."

Pindo alijiona amelala katika bonde hilo, la joto la watu wengine, na ngozi ya mgongo wake ikasisimka. Alitoka haraka, akaingia bafuni kunawa mikono, na hapo bafuni ndipo alipoelewa.

Sakafuni palikuwa na beseni kubwa. Maji yake yalikuwa meusi, yametoa povu la rangi ya kutu pembeni, na juu walielea nyigu wawili waliokufa. Uvundo ulipanda ukampiga usoni. Alilisogeza kwa ncha ya kiatu. Kola ndogo nyeupe ikaibuka, kisha mkono wa shati, kisha nembo ya shule. Sare za watoto. Mashati mawili na kaptula mbili, zimelowekwa zifuliwe, zikasubiri mkono ambao haukurudi.

Mtu anaweza kusahau sufuria. Lakini hakuna mama anayehama na kuacha sare za wanawe kwenye maji.

"Mama," aliita. Mama Mkwe akasimama mlangoni. "Mama Pacha alihama kwenda wapi?"

"Achana na habari za yule. Mwanamke mchafu, unaona mwenyewe."

"Sikuuliza usafi wake. Nimeuliza alikwenda wapi."

Mama Mkwe alishusha pumzi kama mtu anayelazimishwa kueleza jambo ambalo kila mtu anajua. "Alikuwa na mdomo. Kila mume akitoka, anataka kujua anatoka kwenda wapi. Mwanangu kavumilia mpaka kachoka. Kamwambia ondoka, kaondoka na watoto wake. Yuko kwa ndugu zake huko."

"Na kaka?"

"Kaka yenu yuko anakojua mwenyewe. Kwa mtu anayemtunza." Alisema hilo bila kupepesa. "Ndiyo maana nawaambia msikawie kuhamia. Nyumba ikikaa tupu, mtu anarudi. Ikishakaliwa, atarudi wapi?"

Pindo alisimama na futi yake mkononi. Siku zote hizo alidhani anapewa nyumba. Kumbe alikuwa anapewa kazi: yeye, Mpole, cherehani, kabati la mama yake, vyote pamoja vilikuwa komeo la kumfungia mtu nje.

Alimkuta Mpole kwenye kibaraza cha nyuma, ametazama chini kwenye kamba za nguo za majirani.

"Uliniambia wamehama."

"Kwa namna fulani wamehama."

"Mpole, niangalie. Ulijua?"

Alimwangalia. Macho yake yalikuwa yale yale, makubwa, yenye huruma, macho ambayo yangeweza kumfanya asahau chochote. "Nilijua," alisema. "Lakini ugomvi wa mtu na mkewe si wetu. Tukiingilia tutaharibu zaidi. Nyumba ni nyumba tu, Pindo. Ni kuta. Tutapiga rangi, tutasafisha, hutakumbuka hata kama waliwahi kukaa watu."

"Watoto wanakwenda shule na nini?"

"Sijui."

"Hukuuliza?"

Kabla hajajibu, mlango ulibishwa.

Mwanamke aliyesimama nje alikuwa amevaa viatu vya kuogea, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepanda ngazi akijisemesha asije akalia. Mama Mkwe alikuwa amekwisha kuujaza mlango kwa mwili wake.

"Nimefuata sare za watoto tu, Mama," alisema Mama Pacha. "Sitakaa. Wanarudishwa nyumbani kila siku kwa kukosa sare."

"Hapa hakuna chako tena. Ulipewa nafasi ya kubeba, hukubeba."

"Nilipewa nafasi? Nilisukumwa nje nikiwa na sabuni mikononi." Aliona mtu nyuma ya mabega ya mkwewe, akanyanyua shingo. Alimwona Pindo kwanza, na futi mkononi. "Wewe ndiye bibi harusi. Wanasema una mikono mizuri." Kisha akamwona Mpole, na sauti yake ikashuka. "Shemeji. Hujambo?"

Mpole aliinamisha kichwa.

"Huyu hana neno baya," Mama Pacha alimwambia Pindo, kwa upole wa kutisha. "Hajawahi kunitukana hata siku moja. Hata siku ile kaka yake ananiburuta kwenye korido, na wanangu wanapiga kelele, shemeji alikuwa amekaa pale, kwenye kochi lile. Alichukua rimoti akaongeza sauti ya televisheni."

Chini barabarani pikipiki ilipita. Pindo alimgeukia Mpole na kungoja akanushe. Alingoja kwa moyo wake wote. Angekubali uongo wowote, hata wa kitoto. Mpole alikuwa anatazama sakafu, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

Pindo aliona kinyaa kibaya kuliko cha funza na cha maji ya beseni.

Alirudi bafuni. Alipandisha mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, akapiga magoti, akaizamisha mikono yote miwili katika yale maji meusi. Yalikuwa vuguvugu na yanateleza. Uvundo ulipanda ukamtoa machozi. Alishika shati la kwanza akalikamua, na ute ukatiririka kati ya vidole vyake.

"Pindo, acha," alisema Mpole mlangoni. "Utachafuka."

Pindo alikamua la pili, akakamua kaptula, akazisuuza bombani mara tatu, akazitia kwenye ndoo yake mpya aliyokuja nayo kusafishia nyumba ya ndoa yake. Kisha akapita katikati yao wote, akamwekea Mama Pacha ndoo mkononi.

"Zinahitaji kuchemshwa na magadi," alisema. "Njoo karakana ya mapazia, nyuma ya kituo cha mafuta. Zikiwa zimeharibika nitawashonea nyingine."

Akashuka ngazi. Mpole alimfuata mpaka ghorofa ya kwanza akiita jina lake, kwa sauti ile ya chini, ya kubembeleza. Pindo alijikuta anaongeza mwendo kana kwamba anafukuzwa na nzi.

* * *

Kwa shangazi alinawa kwa sabuni ya kufulia, akanawa kwa limau, akanawa tena. Shangazi, fundi mkuu wa karakana, alimtazama kutoka kwenye cherehani yake bila kusimamisha mguu.

"Ngozi ikitoka utashonea mifupa," alisema.

Pindo akamweleza. Shangazi alishona mpaka mwisho wa kitambaa, akakata uzi kwa meno.

"Nilikwambia kuhusu kijana yule ukanuna wiki nzima."

"Ulisema ni mpole mno. Hiyo ni kasoro?"

"Nilisema, mwanamume ambaye hajawahi kukasirika, ujue kuna mtu anakasirika kwa niaba yake. Sasa umemjua huyo mtu." Alivuta kitambaa kingine. "Lakini mie si wa kukuchagulia. Unampenda?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Alimpenda. Alipofumba macho aliona grisi kwenye shavu lake, aliona jinsi anavyokata tunda na kumpa kipande kikubwa bila kujua kama anafanya hivyo. Halafu, juu ya picha hizo zote, ulikuja ule mkono mtaratibu ukitafuta rimoti, na kila alichokuwa ameanza kukitamani kikamchachukia mdomoni.

Mpole alikuja kesho yake mchana, wakati wa chakula, karakana ikiwa tupu. Alikuwa amevaa shati safi. Pindo aliendelea kupanga pete za mapazia.

"Sijalala," alisema Mpole.

"Mama Pacha naye hajalala. Alipita hapa asubuhi, kaniambia analala chumba kimoja na watu sita."

"Nimekosa. Najua nimekosa. Lakini ungekuwa wewe ungefanya nini? Kaka ndiye alinisomesha. Mama alikuwa amesimama pale pale, ananiangalia. Nilisikia kelele na mwili wote ukaniganda. Nilitaka tu zile kelele ziishe."

"Zilikuwa za watoto, Mpole."

"Najua."

"Hukutaka waache kulia. Ulitaka usiwasikie." Alishangaa sauti yake ilivyokuwa tulivu. "Tofauti yake ni kubwa."

Mpole alisogea. Aliweka mkono juu ya mkono wake, pale juu ya pete, kama alivyozoea. Kabla Pindo hajaamua lolote, mwili ulikuwa umekwisha kuamua: bega liliruka, mkono ukachomoka, na akaupangusa kwenye gauni. Walitazamana. Hakuna tusi ambalo lingeweza kumuumiza Mpole kama kule kupangusa.

"Unanionea kinyaa," alisema taratibu.

"Ndiyo."

"Mimi?"

"Nimetafuta neno zuri zaidi usiku kucha, sikulipata. Nilitia mikono kwenye maji yale, na nimeyanawa yametoka. Wewe hutoki. Nikikuwaza naona umekaa kwenye kochi lile, mimi ndiye ninayeburutwa, na wewe unatafuta sauti ya kunizima."

"Siwezi kukufanyia hivyo, Pindo. Wewe nakupenda."

"Mama Pacha alikuwa anakupikia ukienda kwake. Alikuwa anakupenda vilevile."

Mpole alikaa kwenye benchi la wateja. Alikuwa mtu mrefu, lakini pale alionekana kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye msumari. "Niambie la kufanya nitafanya."

"Hilo nalo linanichefua. Kila mtu akuambie la kufanya." Alisukuma boksi la pete. "Lori la kutuhamisha limekwisha kuagizwa kwa Jumamosi?"

"Limeagizwa. Nilikuja pia kukuuliza kama nilisimamishe."

"Usilisimamishe. Lije, lakini si kwangu. Liende kwenye ile nyumba. Litabeba vitu vya Mama Pacha, kitanda chake, jiko lake, makabati ya wanawe, kila alichonunua kwa jasho lake, limpelekee alipo. Amepata vyumba viwili karibu na shule, anahamia na mikono mitupu."

Mpole alinyanyua uso. "Mama atasema nini?"

Pindo alimtazama mpaka yeye mwenyewe akalisikia swali lake.

"Ufunguo unao," alisema Pindo. "Ukija, njoo. Usipokuja nitabisha hodi mpaka majirani wote watoke. Mie sina aibu tena na nyumba ile, imekwisha kunionyesha ya kwake yote."

* * *

Dereva wa lori alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi. Alipotajiwa ghorofa ya tatu aliangalia juu, akaliangalia tumbo lake, akasema kwamba kazi ya dereva ni usukani, ila kwa kuwa bibi harusi mwenyewe amefunga kibwebwe, atabeba vitu vyepesi, kama vile mito. Shangazi alikuja na washonaji wawili. Mama Pacha alibaki chini kwenye lori. Alisema miguu yake haikubali kupanda.

Mlango ulikuwa wazi. Mpole alikuwa amewatangulia, amesimama katikati ya sebule. Na kwenye kochi alikuwa amekaa Mama Mkwe, mkoba mapajani, amejiweka barabara kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Vitu vya ukoo havitoki hapa," alisema. "Mnataka kubeba, nibebeni na mimi."

Nyumba ilikuwa inanuka zaidi ya siku ile. Hakuna aliyekuwa amegusa sufuria. Mama Mkwe alikuwa amekaa katikati ya uvundo ule bila hata mtandio puani, ameuzoea, na hilo lilimtia Pindo kichefuchefu kuliko uvundo wenyewe.

"Kochi hili nani alilinunua?" aliuliza shangazi.

"Wewe nani?"

"Shangazi mtu. Nimeuliza kochi."

"Alinunua mke wa mwanangu, akiwa mke wa mwanangu. Kilichonunuliwa ndani ya ndoa ni cha ndoa." Alimgeukia Mpole. "Mwanangu, watoe watu hawa. Na huyu uliyemleta umuoe, mtoe kwanza. Kabla hajaingia ameanza kubomoa."

Mpole hakusogea. Pindo aliujua ukimya huo. Ulikuwa ndio ule, wa mlangoni, wa kibarazani, na bila shaka wa siku ile ya korido. Televisheni ilikuwa pale ukutani, na rimoti ilikuwa juu ya meza, karibu na mkono wake. Pindo akageuka kuelekea chumbani. Hakutaka kuona.

"Mama," alisema Mpole. "Simama, tubebe kochi."

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa na mtetemo ndani yake, kama ya mtu anayesoma mbele ya darasa.

"Umesemaje?"

"Simama, Mama."

"Unanifukuza? Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Sikufukuzi. Nakuomba usimame. Nilikaa hapo hapo ulipokaa, siku ile, na sikusimama. Siku zote tangu hapo najiona bado nimekaa." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Simama tafadhali. Nitakushika mkono."

"Ukilitoa kochi hili, radhi yangu usiitafute."

Dereva, aliyekuwa mlangoni na mto mmoja kwapani, alitazama pembeni. Pindo alijua neno lile lilivyo na uzito. Hakuna mtoto anayelisikia kutoka kwa mama yake akabaki mzima. Alimwona Mpole akilipokea. Lilimpiga, akayumba, akashika ukingo wa meza. Kisha akainama, akaweka mikono yake mirefu chini ya upande mmoja wa kochi na kuuinua taratibu, taratibu sana, mpaka Mama Mkwe akajikuta anateleza kuelekea upande wa pili na hana budi kusimama mwenyewe.

Alisimama. Alijikung'uta gauni. "Watoto wa siku hizi," alisema, bila kumlenga mtu, na akashuka ngazi na mkoba wake. Chini alipita mbele ya lori bila kugeuza shingo.

Walibeba mpaka jua likakaa utosini. Kitanda, kabati, meza ya watoto, jiko. Sufuria ya jikoni Mpole aliichukua mwenyewe, akaimwaga chooni, na Pindo akamsikia akitapika. Alirudi akaisugua kwa mchanga na majivu, akaipeleka kwenye lori ikiwa inang'aa. Hakutazama kama kuna anayemtazama.

Kwa Mama Pacha, vyumba viwili vyenye sakafu ya saruji, walipanga kila kitu. Mapacha walilivamia kochi kwa viatu. Mama yao aliwapa wageni maji ya kunywa, mmoja mmoja: shangazi, washonaji, dereva, Pindo. Alipofika kwa Mpole alisimama na bilauri mkononi kwa muda.

"Maji nitakupa," alisema. "Mengine sina."

"Maji yanatosha, shemeji."

"Na usiniite shemeji kwa sasa."

"Sawa."

Alikunywa yote, akarudisha bilauri kwa mikono miwili.

Nje, jioni haijafika, dereva aliwachukua shangazi na washonaji mbele ya lori, na nafasi ikaisha. Pindo alisema atatembea. Mpole alibaki amesimama kwenye kizingiti, mavumbi kichwani, mikono imechubuka.

"Ile nyumba sihamii," alisema. "Hata ukikubali. Na kwa Mama sitarudi leo. Nitalala kazini."

"Vizuri."

"Nitatafuta chumba. Chumba ambacho aliyetoka alitoka kwa hiari yake." Alisita. "Nikikipata nikwambie?"

Pindo alifikiri. Aliona mikono yake ilivyochubuka na alitamani kuifunga kitambaa. Aliiona pia, kichwani mwake, ikishika rimoti siku ile, kwenye kochi. Picha zote mbili zilikuwa za kweli, na hakuna iliyokubali kuipisha nyingine.

"Leo ulisimama," alisema. "Nimeona, na sitajifanya sikuona. Lakini mwili wangu haujajua bado. Ukinikaribia unarudi nyuma wenyewe. Nakupenda, Mpole, na nakuonea kinyaa, vyote kwa pamoja, na sijui kipi kitaanza kuisha."

"Nitangoja."

"Usiseme hivyo. Unajua sana kungoja." Akarekebisha mtandio wake. "Sema kitu kingine."

Mpole alihangaika. "Sitaki utembee peke yako," alisema mwishowe. "Barabara ni ndefu. Na wala sikuombi ruhusa. Nakuja."

Hilo lilikuwa jambo la kwanza ambalo Pindo aliwahi kumsikia akilisema bila kuuliza mtu. Alikaribia kutabasamu, lakini tabasamu lilifika shavuni likaishia hapo.

"Njoo," alisema. "Ila pita upande ule wa barabara."

Mpole alivuka. Wakatembea hivyo kuelekea mjini, Pindo kando ya maduka, Mpole kando ya ukuta wa kiwanda, magari yakipita katikati yao. Hawakusemezana wala hawakupungiana. Lakini kila lilipopita basi kubwa likamziba, Pindo alijikuta amepunguza mwendo, akanyoosha shingo, na hakuendelea mpaka alipomwona tena.